Ujumbe Uliozama: Kundi Letu la Simu na Kazi Tuliyoliundia

(Mada iliyowasilishwa na Ofisa wa Uhusiano wa Polisi katika kikao cha waratibu wa ulinzi shirikishi, mashariki mwa Uganda)



Nimeombwa nizungumzie nidhamu ya kundi letu la WhatsApp, hasa namna ya kuhakikisha kwamba kinachowekwa humo kinahusiana na kazi iliyotukutanisha. Kabla sijaanza, naomba nikiri kwamba sisimami hapa kama hakimu. Nasimama kama mmoja wa washitakiwa, na sababu yake mtaisikia punde.

Miaka miwili iliyopita, siku ya soko, mama mmoja alifika kituoni usiku, saa mbili kasoro robo, akitweta. Mwanawe wa miaka sita, ambaye hasikii wala hasemi, alikuwa amempotea katika msongamano wa watu waliokuwa wakifunga vibanda. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuulizwa jina la baba yake wala njia ya kwao. Njia pekee ya kumrudisha nyumbani ni kwamba aliyemwona apate habari kutoka kwa anayemtafuta. Saa mbili na dakika kumi nikaweka ujumbe kundini: umri wake, sweta jekundu lililotoboka kiwiko, miguu mitupu, hasikii, na namba ya simu ya kituo. Kundi lilikuwa na wanachama 217 kutoka vijiji vyote vya kaunti ndogo. Nikajiambia kwamba kwa macho 434 mtoto hawezi kupotea.

Hadi saa tatu kamili, chini ya ujumbe ule zilikuwa zimekwisha kuingia jumbe 61 nyingine. Kulikuwa na dua ya kuukaribisha mwezi mpya, iliyowekwa mara tatu na watu watatu. Kulikuwa na picha ya mgombea, tangazo la mtamba wa maziwa, ubishi mrefu juu ya Arsenal, na video ya chatu ambaye bila shaka hakuwahi kuishi katika milima yetu. Waliojibu juu ya mtoto walikuwa wanne, na wote wanne waliandika "Mungu amsaidie".

Mtoto alikuwa salama muda wote huo. Bibi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka sokoni alimkuta analia kando ya barabara, akamchukua, akampa viazi na uji wa ulezi, akamlaza. Nyumba ile ilikuwa umbali wa kilomita nne kutoka kwa mama wa mtoto. Mwenye nyumba, mwana wa yule bibi, ni mwenyekiti wa kijiji na ni mwanachama wa kundi letu. Alirudi nyumbani usiku, akaambiwa kuna mtoto wa watu amelala, akasema watamshughulikia asubuhi. Simu yake ilikuwa mezani ikichajiwa, na ujumbe wangu ulikuwa ndani yake.

Usiku ule mvua ilinyesha. Ndugu za mtoto walikwenda kumtafuta mtoni, kwa sababu mtu akipoteza mtoto karibu na mto, moyo humpeleka huko kwanza. Mjomba wake aliteleza katika mawe akavunjika mguu. Nilimwona wiki iliyopita, na bado anachechemea. Asubuhi yule bibi alimpeleka mtoto kwenye shule ya msingi iliyo jirani, mwalimu mmoja akamtambua, na mambo yakaisha.

Nilimwendea yule mwenyekiti nikiwa na hasira iliyofichwa chini ya sare. Hakunibishia. Alinyoosha mkono akanipa simu yake na kuniambia, "Afande, soma mwenyewe." Alikuwa amelinyamazisha kundi tangu miezi mingi. Tukakaa chini ya mwembe tukahesabu jumbe za siku moja tu, siku iliyotangulia kupotea kwa mtoto. Zilikuwa 94. Zilizohusu usalama wa kijiji chochote zilikuwa tatu. Na katika zile 91 zilizobaki, 11 zilikuwa zangu mimi: picha za makamanda wakipanda miti, pongezi kwa ofisa aliyepandishwa cheo, na taarifa kwa vyombo vya habari ya kurasa nne, kwa Kiingereza, ambayo nina hakika hakuna mtu katika kaunti ndogo ile aliyeifungua. Nilikwenda kulaumu nikakuta jina langu kwenye orodha.

Tangu siku hiyo nimeliangalia jambo hili kwa namna nyingine. Sisi hudhani kwamba ujumbe usiohusika ni kero ndogo, kama mtu anayekohoa mkutanini: unavumilia, unapita. Lakini gharama yake hailipwi na aliyeutuma, wala hailipwi siku ulipotumwa. Inalipwa baadaye, na mtu mwingine kabisa, ambaye ana habari ya haraka na anaipaza mahali ambapo watu wamekwisha kuziba masikio. Aliyetuma dua mara tatu hakumdhulumu mtu asubuhi ile. Alimdhulumu mama wa mtoto, na hakumjua.

Tena kuna hila moja katika vyombo hivi. Mtu aliyechoshwa na mkutano wa hadhara huinuka akaondoka, na wewe unayezungumza unaona kiti kitupu. Katika kundi la simu watu hawaondoki, kwa sababu wasimamizi hujulishwa mtu akiondoka na kuondoka huhesabiwa kuwa dharau, hasa pale ambapo polisi ni miongoni mwa wasimamizi. Hunyamazisha tu. Programu yenyewe inakupa uamuzi: saa nane, wiki moja, au daima. Jina lake linabaki kwenye orodha, idadi inabaki 217, na sisi katika taarifa zetu za mwezi tunaandika kwa fahari kwamba tuna waratibu 217 waliounganishwa. Hatuna. Hatujui tunao wangapi.

Katika eneo letu hili chini ya Mlima Elgon, jambo hili si la watoto waliopotea peke yao. Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, Nabuyonga ilipofurika mjini Mbale na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Mnakumbuka Nametsi kule Bududa, tarehe 1 Machi 2010. Maji na udongo havingoji mtu apitie jumbe 60. Ikiwa mratibu aliye juu mlimani ataandika kwamba mto umebadilika rangi na unavuma, tunataka simu ya mratibu aliye bondeni ilie, na aliye bondeni ajue kwamba simu ya kundi hili hailii bure.

Basi, ni ujumbe gani unaohusika? Mwanzoni tulijibu swali hili kwa orodha ya makatazo. Tuliandika: hakuna biashara, hakuna siasa, hakuna mahubiri, hakuna mpira, hakuna matangazo ya misiba. Tukaiweka juu ya kundi, tukaridhika. Orodha ile ilivunjika katika wiki ya tatu, na aliyeivunja alikuwa mzee mmoja ambaye yumo humu ukumbini, nami namshukuru.

Alitangaza msiba wa kijijini kwake. Msimamizi akaufuta ujumbe wake. Mzee hakugombana. Alikuja kituoni na fimbo yake, akakaa, akaniuliza: "Afande, siku ya maziko nyumba za kijiji changu hubaki na nani?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu nililijua. Siku ya maziko nyumba hubaki na mbwa na kuku. Wezi wanaijua ratiba ya maziko kuliko sisi. Katika kijiji cha jirani, mwezi mmoja kabla ya hapo, nyumba tatu zilikuwa zimevunjwa wakati wenyewe wako makaburini, na sisi polisi hatukujua hata kama kuna maziko. Tangazo la msiba, ambalo tulilihesabu kuwa nje ya kazi, lilikuwa ndani ya kazi kuliko picha zangu zote za miti.

Kwa hiyo tuliiacha orodha tukashika swali moja, na ndilo ninalowaomba mlichukue leo: baada ya kuusoma ujumbe huu, ni nani katika kundi hili atafanya nini? Kama unaweza kumtaja mtu na kutaja kitendo, uweke. Kama huwezi, unao ndugu na marafiki wa kuwatumia. Msiba sasa unawekwa, lakini kwa namna ya kazi: kijiji, siku, saa ya maziko, na majina ya vijana wawili watakaobaki kulinda. Askari wa doria anausoma na anajua apite wapi. Rambirambi zenyewe, ambazo ni wajibu wetu kama binadamu, anapelekewa mfiwa kwa simu yake au kwa miguu, jinsi wazee wetu walivyofanya.

Mbuzi wa kuuza haruhusiwi, na mbuzi aliyeibiwa anaruhusiwa. Hapa nikiri jambo lililotuchekesha kituoni: tangazo moja la mbuzi wa kuuza lilitusaidia kweli, maana mwenye mbuzi alimtambua mnyama wake kwenye picha, kwa ile alama aliyoikata yeye mwenyewe sikioni. Muuzaji alikuwa amemtangaza katika kundi la polisi! Hata hivyo siwezi kuacha soko zima liingie kundini kwa kutumaini kwamba wezi wote watakuwa na akili ya namna ile.

Siasa sitaieleza kwa urefu. Kundi lina watu wa vyama vyote na wasio na chama, na siku litakapoonekana kuwa la upande mmoja, wa upande mwingine hawatatuambia tena ni nani aliyeficha panga. Hilo linahusu mabango ya wagombea wote, bila kujali cheo, na linamhusu askari kabla ya raia.

Yanayonitia hofu zaidi ni yale yanayofanana na kazi yetu lakini si yetu. Chatu anajulikana kuwa upuuzi. Ila mtu akileta video ya mtoto anayenyakuliwa na watu wa pikipiki, pamoja na sauti inayosema "wazazi jihadharini, wako eneo letu", kila mmoja wetu atadhani ametimiza wajibu kwa kuisambaza. Mwaka 2018 nchini India zilisambaa video za namna hiyo. Mojawapo ilitokana na filamu fupi iliyotengenezwa Pakistan ili kuwahamasisha wazazi juu ya usalama wa watoto. Sehemu ya mwisho, inayoonyesha mtoto akirudishwa, ilikuwa imekatwa. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, watu watano wa jamii ya wahamaji waliofika siku ya soko walidhaniwa kuwa wezi wa watoto, wakapigwa na umati hadi kufa. Baada ya matukio kama hayo kampuni ya WhatsApp ilipunguza idadi ya makundi ambayo mtu anaweza kuyatumia ujumbe mmoja kwa mara moja, kwanza India, kisha duniani kote mwaka 2019. Ndiyo maana leo mnaona vishale viwili juu ya ujumbe uliopita mikono mingi. Kwetu sisi vishale viwili vina maana moja: aliyekutumia hakukiona anachokuambia. Usiuweke. Mpigie simu ofisa wa zamu, naye atauliza tukio limetokea wapi na lini. Sisi hapa Uganda hatuna haki ya kujiona tuko mbali na Rainpada. Tunazijua tairi zilizochomwa barabarani, na tunajua zilichomwa juu ya nani.

Kwa sababu hiyo hiyo picha ya mshukiwa haiwekwi kundini. Ibara ya 28 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inamhesabu mtu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo au akiri mwenyewe, na umati wenye picha simuni hausubiri mahakama. Mtoto aliyetendewa uchafu hawekwi picha, hatajwi jina, hatajwi hata jina la mama yake, kwa kuwa kijiji kitamjua kwa hilo. Pia njia na saa za doria haziandikwi. Mnashangaa ninalisema? Aliyewahi kuziandika ni askari wetu, kwa nia njema, akiwatuliza wananchi.

Sasa, namna ya kulitunza kundi. Tulijaribu kwanza kufunga mlango: wasimamizi peke yao ndio wawe na uwezo wa kuandika. Kundi likawa safi kama kanisa siku ya Jumatatu, na likawa tupu vivyo hivyo. Anayeuona moto saa nane usiku ni kijana wa steji au mama anayemnyonyesha mtoto, na ofisa wa uhusiano wakati huo amelala. Tukaufungua mlango tena, tukaweka mlinzi. Kila wiki wasimamizi wawili wanashika zamu, mmoja raia na mmoja polisi. Mwenye zamu akiona ujumbe usiohusika anaufuta, kisha anampigia mwenyewe simu au kumwandikia faraghani kwa heshima: "Mzee wangu", "Mama", "Kaka", nimeuondoa ujumbe wako kwa sababu hii. Hakuna kumsema mtu mbele ya watu 217. Tuliwahi kumkaripia mchungaji hadharani kwa sababu ya dua yake, na kanisa lake zima likatususia kwa miezi miwili. Yeye alikosea kidogo, sisi tukakosea zaidi.

Salamu na dua nazo hatukuzifukuza. Watu wanaofanya kazi pamoja bila kusalimiana hawafanyi kazi pamoja muda mrefu. Tuliunda kundi la pili, tukaliita Baraza, na humo Arsenal inachezwa kila siku. Anayetaka analinyamazisha bila dhambi. Jambo la kushangaza ni kwamba baada ya Baraza kuanzishwa, aliyekuwa mkaidi kuliko wote katika kundi la kwanza sasa ndiye anayewaambia wengine, "Peleka Barazani."

Tahadhari yenyewe iandikwe katika ujumbe mmoja, isitawanywe katika vipande saba: kimetokea nini, wapi, saa ngapi, na apigiwe nani. Kiswahili kwanza, ili aliyetoka upande wa Ateso na aliyetoka upande wa Lumasaba wote waelewe, kisha lugha ya mahali. Najua wapo wazee ambao Kiswahili kiliwatia hofu miaka ya nyuma, kwa kuwa walikisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Tuwavumilie, na mwenye sauti nzuri awasomee kwa ujumbe wa sauti, usiozidi nusu dakika, maana bando ni ghali. Anayetaka kuonyesha kwamba ameusoma ujumbe aweke dole gumba juu yake. "Amina" 40 zilizofuatana ndizo zilizouzamisha ujumbe wa mtoto, na kila moja ilikuwa ya wema.

Jambo likiisha, aliyelianzisha alifunge. Tangazo la yule mtoto lilikuwa bado linazunguka katika makundi mengine miezi mitano baada ya yeye kurudi nyumbani, na kuna mtu aliyewahi kumshika mkono barabarani, akiwa na mama yake, akidhani ameokota mtoto aliyepotea. Andika "AMEPATIKANA", taja tarehe, kisha futa la kwanza.

Mwisho kabisa, kundi halichukui nafasi ya 999 wala 112. Na wengi katika vijiji vyetu wana simu ndogo za kitochi ambazo hazijui WhatsApp. Kwa hiyo kila mwanachama awe na namba za majirani watano wa namna hiyo, na tahadhari ikiingia awapigie.

Kwa upande wangu, taarifa zetu kwa vyombo vya habari sasa zinabandikwa kwenye ubao wa kituo, na picha za miti anapelekewa aliyepanda mti. Karatasi ya zamu iko mezani kwa mwandishi wa kikao, karibu na birika la chai. Nafasi za wiki nane zijazo ziko wazi isipokuwa wiki ya kwanza, inayoanza leo saa kumi na mbili jioni. Hiyo imechukuliwa na yule mwenyekiti niliyewasimulia habari zake, ambaye ameniruhusu nizisimulie. Ameniambia kwamba simu yake sasa inalia, na kwamba mama yake ndiye anayeichaji.

 Maswali nitayapokea baada ya chai.